Kompresa inajaa vizuri, lakini impakti haifungui nati za tairi. Nakosea wapi?

Nati_Ngumu:

Wakuu, habari za jioni. Nina kompresa niliyoachiwa na shemeji alipohama: tenki la lita 24, mota ya nguvu farasi 2, lebo inasema lita 200 kwa dakika. Inajaa mpaka bar 8 halafu inajikata yenyewe, haina shida. Nikanunua impakti ya nusu inchi (ile spana ya upepo inayozungusha nati kwa kugongagonga), mpya kabisa, boksi limeandikwa Nm 600, yaani nguvu yake ya kuzungusha.

Jumamosi nikapiga jeki gari nibadilishe brekipedi za mbele. Nati ya kwanza: trrr, trrr, inagonga kama kigogota mwenye homa, nati haitikisiki. Nikasubiri tenki lijae, nikarudia. Wapi! Mwisho nikachukua spana ya msalaba, nikaipanda kwa mguu, ikaachia kwa mlio mmoja. Sasa naomba mnieleze, mguu wangu una zaidi ya Nm 600?

Mpira wa upepo ni ule wa bluu unaojikunja kama springi, mita 10. Umeme nimeuvuta kwa eksitensheni ya sebuleni maana plagi iko mbali. Nibadilishe kompresa, au impakti ndiyo mbovu?

FundiWaJioni:

Usinunue kitu kwanza. Geji ya kwenye tenki inakuonyesha presha upepo ukiwa umelala. Impakti haijali hiyo, inajali presha inayoifikia wakati inazunguka. Vifaa vingi vya upepo hupimwa kwa psi 90, yaani bar 6.2, na hizo Nm za kwenye boksi zimepatikana hapo au juu yake, kwa mpira mpana.

Fanya hivi. Tafuta geji ndogo, ifunge na kiungo cha njia tatu pale pale impakti inapochomekwa. Bonyeza kitufe, soma ikiwa inazunguka. Nabashiri utashtuka. Hiyo mipira ya springi mara nyingi tundu lake la ndani ni milimita 5 au 6. Ni mizuri kwa kujaza tairi na kupuliza vumbi. Kwa impakti ni kama kunywa uji kwa mrija. Weka mpira wenye tundu la milimita 10, na viungo vya kuchomeka vipana pande zote mbili, la sivyo umehamisha tatizo tu. Pia hakikisha regyuleta, kile kitasa cha kupandisha na kushusha presha inayotoka, haijafungwa. Geji ya pili, ile ya upande wa kutokea upepo, ndiyo ya kuangalia.

Na tenki lako ni dogo, lielewe. Kutoka bar 8 kushuka hadi 6, lita 24 zinakupa takribani lita 48 za upepo wa kawaida, usiokandamizwa. Impakti ya nusu inchi ukiikandamiza bila kuachia inaweza kula lita 400 kwa dakika au zaidi. Piga hesabu: sekunde saba hivi, upepo mzuri umekwisha. Zile lita 200 za kwenye lebo kwa kawaida ni upepo unaovutwa na pistoni, unaotoka upande wa pili ni pungufu sana. Kwa hiyo gonga sekunde mbili tatu, acha, gonga tena. Nati ikikataa, subiri mota ijikate ndipo urudie. Ukikandamiza mfululizo unapoteza upepo na kelele inabaki.

Mwisho, tia matone manne matano ya oili ya vifaa vya upepo kwenye tundu la kuingilia upepo kabla ya kazi. Impakti mpya nyingi huja kavu.

Pistoni_Mbili:

Kaka Nati, mimi kilichonikaa ni huo mguu. Ulipanda spana gari likiwa juu ya jeki? Ukifungua kwa mkono, nati zilegezwe tairi likiwa chini, handibreki imevutwa, tairi za nyuma zimewekewa magogo. Ndipo upandishe, na ukishapandisha weka stendi. Jeki ni ya kuinulia.

Pili, hukusema soketi ulizotumia. Kama ni zile zinazong'aa za kwenye seti ya mkononi, ziache. Chuma chake ni kigumu lakini hakivumilii kupigwapigwa. Yangu ya milimita 19 ilipasuka ikiwa kwenye nati, kipande kikakwama kwenye mkono wa ovaroli, juu ya kiwiko. Nilikuwa na miwani, lakini siku hiyo niliivaa kwa bahati tu. Za impakti ni nyeusi, kuta zake nene.

Tatu, eksitensheni ya sebuleni. Waya mwembamba unashusha umeme, mota inahangaika kuanza, inachemka. Ichomeke kompresa moja kwa moja ukutani, urefu uutafute kwenye mpira wa upepo. Mpira mpana hata wa mita 15 hautakusumbua kama huo waya.

Na wakati wa kurudisha, impakti iache mezani. Anza nati kwa vidole, malizia kwa spana ya kupimia mkazo. Magari madogo mengi yako kati ya Nm 90 na 120, lakini kitabu cha gari lako ndicho kitakachokuambia. Nimekata stadi moja (ile bolti inayoshika nati ya tairi) kwa kiburi cha impakti, na kuing'oa ilinichukua muda kuliko breki zenyewe.

Chaji_Kamili:

Mimi nilihamia impakti ya betri, sijui tena habari za mpira. Kwa nati za tairi haina mpinzani. Kompresa nimeibakiza kwa kupuliza na kujaza tairi. Ila usijidanganye na msasa wa upepo kwa tenki la lita 24, huo unakula bila kupumzika. Utasubiri zaidi ya kusugua.

Nati_Ngumu:

Nimerudi na majibu. Geji mdomoni mwa impakti: bar 3.4 ikizunguka! Tenki linasoma 8, mimi napata chini ya nusu. Nimeweka mpira wa milimita 10 na viungo vipana, sasa inasoma 5.8. Nati nne za tairi la kulia zimetoka kila moja kwa sekunde mbili. Moja ya kushoto ilikuwa na kutu, nikaipulizia mafuta ya kulegeza nikaiacha usiku kucha, asubuhi ikatii. Dada Pistoni, nilikuwa natumia soketi zinazong'aa, ndiyo. Nimezirudisha kwenye sanduku.

Swali jingine. Nilipokuwa chini nikaona skrubu tumboni mwa tenki, nikaifungua. Yametoka maji ya rangi ya chai, karibu kikombe kizima, na vipande kama maganda. Ni kawaida?

Pistoni_Mbili:

Maji ni kawaida, upepo ukikandamizwa unyevu unabaki tenkini, na hutolewa kila baada ya kazi. Rangi ya chai na maganda si kawaida. Tenki linaliwa na kutu kwa ndani. Shemeji aliwahi kuyamwaga?

Nati_Ngumu:

Nimempigia. Anasema hakujua kama kuna skrubu.

Pistoni_Mbili:

Basi chomoa kwenye umeme, toa upepo wote, usiijaze tena mpaka tenki lipimwe kwa maji: linajazwa maji pomoni kisha linatiwa presha, likishindwa linavuja badala ya kulipuka. Ukiona tundu hata la sindano, usikubali mtu alichomelee. Mota na kichwa bado vizima, vinaweza kufungwa kwenye tenki jingine.

Nati_Ngumu:

Nimechomoa. Brekipedi za kushoto nitamalizia kwa spana ya msalaba, tairi likiwa chini.