Nataka kufanya utafiti wa majeraha ya wanamichezo wa sekondari hapa Mombasa, naanzia wapi?

bintiKisauni

Assalam aleikum na habari zenu nyote. Mie nasoma masta na utafiti wangu nataka uwe wa majeraha ya wanafunzi wa sekondari wanaocheza mpira, netiboli na basketi, na nataka niufanye hapa hapa Mombasa sababu ndo nyumbani na ndo nilipoliona tatizo lenyewe. Mdogo wangu aliumia goti akiwa fomu ya pili, mechi ya skuli, uwanja wa mchanga na vijiwe, akafungwa bandeji akaambiwa atapona, wiki ya tatu akarudishwa uwanjani goti likamtoka tena, mpaka leo akishuka ngazi hushikilia ukuta. Na hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba yule mtoto aliumia, si skuli, si kwa kocha, popote. Hilo ndo linaloniuma zaidi.

Mpango wangu ulikuwa niende hospitali kubwa nipekue mafaili ya mwaka mzima, nihesabu walokuja na majeraha ya michezo wa miaka 14 mpaka 19, kisha niseme mchezo upi unaumiza zaidi. Msimamizi wangu amenirudishia proposali, ukurasa wa kwanza ameandika kwa wino mwekundu maneno matatu tu: "Kati ya wangapi?" Nimekaa nayo wiki nzima. Naanza kuelewa anachotaka lakini sijui hiyo namba nitaitoa wapi. Kama kuna mtu amewahi kufanya kitu kama hiki, au ni kocha, au fizio, nisaidieni tafadhali.

fizio_Mvita

Wa aleikum salaam dadangu. Msimamizi wako amekufanyia wema mkubwa, usimchukie.

Tuanze na hospitali. Mimi nimefanya kazi ya fizio miaka mingi na nakwambia kwa yakini, wanaofika kwetu ni wachache sana kati ya wanaoumia. Mtoto akitegua kifundo Jumatano jioni, Alhamisi anapelekwa kwa mama wa kukanda huko mtaani, anakandwa na mafuta ya moto, akizidi kuvimba ndo anakuja kwetu, asipozidi humuoni kamwe. Sisemi wakandaji wote hawajui kazi, wapo wenye mkono mzuri kweli, lakini kukanda na kupasha moto kifundo kilichovimba siku mbili tatu za kwanza kunazidisha damu kuvujia ndani. Basi ukihesabu mafaili ya hospitali utapata mifupa iliyovunjika na magoti yaliyoharibika, na utasema majeraha ya michezo ndo hayo, kumbe vifundo, misuli ya paja na maumivu ya shini ambayo ndo mengi zaidi yamebaki mtaani. Na faili lenyewe mara nyingi limeandikwa "alianguka" tu. Alianguka wapi, kwenye ngazi au kwenye mechi?

Sasa hilo swali la kati ya wangapi. Wenzetu Marekani wana mfumo wa kukusanya majeraha ya sekondari ulioanza mwaka wa masomo 2005/06, unaitwa High School RIO, walianza na skuli 100 na michezo 9. Kitu wanachohesabu si majeraha peke yake, wanahesabu pia kila mara mchezaji mmoja anapoingia kwenye mazoezi au mechi. Mchezaji mmoja, mazoezi ya siku moja, hiyo ni moja. Ndo wanagawanya majeraha kwa jumla ya mara hizo.

Nikupe mfano wa kubuni tu uone. Timu ina wachezaji 18, wanafanya mazoezi mara 4 kwa wiki kwa wiki 10, hiyo ni mara 720. Mechi wamecheza 8, wachezaji 11 kila mechi, tuache wa akiba kwa sasa, ni mara 88. Tuseme mazoezini wameumia 6 na mechini 5. Ukihesabu vichwa utasema mazoezi ndo hatari. Ukigawanya, mazoezini ni kama 8 kwa kila mara 1,000, mechini ni karibu 57. Umeona ilivyogeuka? Na ndivyo ilivyo kweli, karibu kila mahali walipopima mpira, mechi inaumiza kuliko mazoezi. Hiyo namba ya chini, ile unayogawanyia, ukiikosa, hujui mchezo upi unaumiza, unajua tu mchezo upi una watu wengi.

Na kabla hujahesabu chochote amua jeraha ni nini. RIO wanasema liwe limetokea kwenye mazoezi au mechi ya timu, limehitaji huduma ya daktari au yule mhudumu wa timu, na limemweka mtoto nje angalau siku moja. Wewe ukichukua hiyo ya huduma ya daktari hapa kwetu umewapoteza watoto wengi. Mie ningekushauri utumie siku alizokosa mazoezi au mechi. Watu wa mpira walikubaliana mwaka 2006 namna ya kupanga uzito wa jeraha, siku 1 mpaka 3 ni dogo sana, 4 mpaka 7 ni dogo, 8 mpaka 28 ni la kati, zaidi ya 28 ni kubwa. Siku alizokosa hata kepteni wa timu anaweza kuzihesabu.

KochaJomvu

Nimesoma nikasema hapa lazima niandike. Mimi ni mwalimu wa michezo, nafundisha hesabu asubuhi na saa kumi niko uwanjani, na hao wenzetu wa Marekani wana mtu maalum wa timu anayekaa pembeni na barafu na anaandika kila wiki, sisi hatuna huyo mtu. Mwenye barafu ni mimi, mwenye filimbi ni mimi, mwenye kutafuta matatu ya kurudisha watoto ni mimi. Nasema hivi si kwa kulalamika ila ujue ukija na fomu ya kurasa nne nitaichukua kwa adabu na haitajazwa.

Ukitaka data yangu njoo na daftari moja la mistari. Kila siku ya mazoezi mstari mmoja: waliokuja wangapi, aliyeumia nani kwa namba ya jezi, sehemu gani, alikuwa anafanya nini, na siku aliyorudi. Hilo kepteni wangu atalijaza na nitalikagua Ijumaa. Usifikirie mambo ya kutuma ujumbe kwa simu maana wanafunzi hawaruhusiwi simu skuli, na bodingi ndo kabisa.

Jambo la pili angalia kalenda. Muhula wa kwanza ni basketi, handiboli, hoki na raga, muhula wa pili ni mpira wa miguu, netiboli, voliboli. Ukija muhula mmoja tu utaona upande mmoja. Halafu mashindano yetu ni ya kubanana, kuanzia kaunti ndogo mpaka kaunti mpaka Pwani, timu inaweza kucheza asubuhi ikacheza tena mchana jua la utosi, siku mbili tatu mfululizo, na mtoto aliyeumia mechi ya kwanza anakuficha sababu anajua akisema atakaa benchi na pengine hiyo ndo nafasi yake ya kuonekana. Hao wanaoficha utawahesabu vipi? Mimi mwenyewe nimewahi kumchezesha mmoja sikujua, nikagundua kwenye basi akivua kiatu. Sijalisahau hilo.

Netiboli_GD

Kocha umegusa donda. Mimi nilikuwa mmoja wa wanaoficha.

Nilicheza netiboli fomu wani mpaka fomu foo, nafasi ya GD, yaani mlinzi wa goli. Goti langu la kushoto lilikatika ligamenti ya mbele, ile ACL, na hakuna mtu aliyenigusa, niliruka kudaka mpira nikatua kwa mguu mmoja goti likaingia ndani nikasikia mlio kama kijiti kinavunjwa. Lakini hiyo ilikuwa fomu foo. Kabla ya hapo nilikuwa na maumivu chini ya kilegesambwa karibu mwaka mzima, nikicheza nayo, nikimeza dawa kabla ya mechi, na kwa hesabu hizo zenu za siku alizokosa mimi nisingehesabiwa kwa sababu sikukosa hata siku moja. Kwa hivyo dadangu wa Kisauni nakuomba sana fomu yako imuone na mtoto kama mimi. Usiulize tu "uliumia?" Uliza wiki hii ulicheza huku unasikia maumivu?

Na uulize peke yake, kocha asiwepo. Tafadhali. Mbele ya kocha wote tutasema tuko fiti.

Wasichana usituache pia, nimesoma baada ya kuumia kwamba kwenye mpira na basketi msichana ana hatari ya goti hilo mara mbili au zaidi kuliko mvulana, na mara nyingi ni kutua au kukata kona kama mimi, si kugongwa. Netiboli tena ukishadaka hupati nafasi ya kupunguza mwendo, unatakiwa usimame hapo hapo, na sisi tulikuwa tunacheza juu ya lami na wengine miguu mitupu.

fizio_Mvita

@Netiboli_GD pole sana dadangu, na umesema jambo ambalo mimi nimelisahau hapo juu. Kuna maswali manne yaliyotungwa na watafiti wa Oslo kule Norwei mwaka 2013 kwa ajili ya majeraha hayo ya pole pole. Yanaulizwa kila wiki kwa kila mchezaji: ulipata shida kushiriki, ulipunguza mazoezi, uchezaji wako uliathirika, ulisikia maumivu. Manne tu, kwa kila kiungo unachokichunguza. Yakitafsiriwa kwa Kiswahili cha watoto wetu yanajazwa dakika mbili. bintiKisauni weka daftari la kocha kwa majeraha ya ghafla na karatasi hiyo kwa haya ya kimya kimya, ila uyajaribu maswali kwanza na watoto kumi uone wanaelewa nini wakisoma, maana "maumivu" kwa mtoto mwingine ni mpaka alie.

Usisahau kichwa. Mtoto akigongwa kichwa akawa haelewi timu gani wanacheza nao, au kichwa kinauma, anataka kutapika, macho yanakataa mwanga, huo ni mtikisiko wa ubongo na atoke siku hiyo hiyo asirudi, hata kama hakuzirai. Wengi hawazirai. Hapa kwetu watu wanadhani bila kuzirai hakuna kitu, kwa hivyo kwenye daftari weka sehemu ya "kugongwa kichwa" peke yake.

mtafitiBamburi

Mimi nitasema ya karatasi tu maana nilipoteza miezi kwa kutoyajua. Unapeleka kwanza kwa kamati ya maadili, ndo uombe kibali cha NACOSTI, ile tume ya taifa ya sayansi inayotoa vibali vya utafiti, ndo uende ofisi za elimu na za kaunti, ndo mwalimu mkuu. Usianze kwa mwalimu mkuu hata kama ni mjomba wako. Walio chini ya miaka 18 mzazi asaini na mtoto mwenyewe pia aulizwe akubali, na mtoto akikataa hata kama mzazi amesaini ndo amekataa. Fomu ya mzazi iwe Kiswahili, ukurasa mmoja. Majina usiandike, tumia namba, tuna sheria ya kulinda data tangu 2019 na habari za afya ya mtoto si kitu cha kuacha kwenye daftari la wazi, kwa hivyo kocha samahani, hilo daftari lako lifungiwe kabatini.

Na usiwaulize mambo ya mwaka uliopita. Mtu anakumbuka aliyovunjika, hakumbuki kifundo cha mwezi wa tatu.

KochaJomvu

Kabati lipo, ufunguo ninao.

Lakini niulize swali langu nikiwa hapa, tukishajua wangapi wanaumia halafu? Maana nimeona watafiti wakija, wanachukua, wanaenda.

fizio_Mvita

Swali la haki kabisa kocha. Ile hesabu ndo iliyotupa mazoezi ya kupasha ya FIFA 11+. Norwei walijaribu kwa wasichana wa miaka 13 mpaka 17, vilabu 125, matokeo yakatoka 2008, na majeraha makubwa kwa waliofanya yalipungua karibu nusu. Wakajaribu tena Lagos kwa wavulana, 2014, majeraha yakapungua pia. Lagos hiyo si Oslo, ni joto kama letu. Ni dakika 20, kukimbia, kusimama kwa mguu mmoja, kuruka na kutua goti likielekea sawa na vidole lisiingie ndani, na ukiacha mpira hayahitaji kifaa chochote.

KochaJomvu

Dakika 20 na mimi nina saa moja na robo kabla wa Likoni hawajaanza kuangalia saa ya feri. Lakini nitajaribu. Nitumie picha za hayo mazoezi.

bintiKisauni

Wallahi nimesoma haya yote mara mbili na machozi yamenilenga hapo kwa dada wa netiboli. Nimebadilisha. Hospitali nimeiacha. Nitachukua skuli sita, moja kila kaunti ndogo, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu, mihula miwili, daftari la waliohudhuria na walioumia, na ile karatasi ya maswali manne kila Ijumaa nikiwa mimi mwenyewe bila kocha. Ijumaa sita kwa wiki moja sina, kwa hivyo natafuta wasaidizi wawili, ikiwezekana mmoja awe msichana aliyewahi kucheza.

Kocha, naweza kuja kuwaona vijana wako niyajaribu maswali kabla sijapeleka kwa kamati? Au hata hilo linahitaji kibali?

mtafitiBamburi

Hata hilo linahitaji, usiwaulize watoto chochote bado. Lakini nenda ukakae na kocha, ujifunze kuhesabu.

KochaJomvu

Njoo Jumatano saa kumi kamili. Vaa kofia, kivuli hakuna.

Netiboli_GD

Kama bado unatafuta msaidizi, mimi Ijumaa niko huru.