Hivi neno "mpagani" mnalijua maana yake, au mnalirusha tu?

Wanajamvi, nimechoka na hii tabia. Mjadala wa dini ukifika pagumu, lazima atokee mtu amwite mwenzake mpagani, na wengine wanashangilia kana kwamba hoja imejibiwa.

Mtu kasema haamini Mungu yeyote: mpagani. Mwingine anatambikia mizimu ya babu zake: mpagani. Mwingine kabatizwa, kaacha tu kwenda kanisani: mpagani. Mchawi naye humo humo. Sasa asiye na mungu hata mmoja na mwenye miungu kumi wanakuwaje kitu kimoja? Anayeweza kunieleza anieleze.

Neno lenyewe limetoka kwenye paganus, ambaye kwa Kilatini alikuwa mtu wa kijijini, na baadaye pia raia asiye askari. Dini haikuwemo. Wakristo wa Dola ya Roma ndio waliolichukua, karne ya 4, wakambandika kila aliyeendelea kuabudu miungu ya zamani. Wataalamu bado wanabishana ni maana ipi kati ya hizo mbili waliyoianzia, sawa, wabishane. Ila hapakuwahi kuwa na dini moja iliyoitwa upagani. Waliomwabudu Isis, waliomwabudu Mithra, waliomtolea sadaka Jupita, kila kundi lilikuwa na ibada zake na makuhani wake, wakazolewa wote kapu moja na watu waliokuwa wakiwapinga. Mwaka 380 Kaisari Theodosio akaamuru raia washike imani ya Kikristo, na mwaka 391 sadaka kwa miungu zikapigwa marufuku. Dharau ikawa sheria.

Na kinachoniudhi zaidi ni kwamba Wakristo wenyewe walishafanyiwa hivi hivi. Kwa kuwa walikataa miungu ya Roma, waliitwa wasioamini miungu! Polikarpo, askofu wa Smirna, karne ya 2, aliletwa uwanjani mbele ya liwali akaambiwa aseme "waondoeni wasioamini miungu", yaani awakane Wakristo wenzake. Mzee akautazama umati uliojaa pale, akawapungia mkono, akayatamka maneno hayo akiwalenga wao. Kisha akauawa. Mtu anayejua kisa hicho anapataje ujasiri wa kumbandika mwenzake jina la imani asilojichagulia?

Msinijibu kwamba ni neno la kawaida tu. Linatumika kumnyamazisha mtu, na linamwambia kwamba alichorithi kwa wazee wake hakistahili hata kuitwa dini.

Wapo wanaojiita wapagani kwa hiari yao, hasa Ulaya. Iceland, jumuiya inayofuata miungu ya kale ya huko ilitambuliwa na serikali mwaka 1973. Hao waiteni hivyo pale wanapojiita wenyewe. Asiyeamini Mungu semeni haamini Mungu. Anayefuata dini ya jadi ya kabila lake, muulizeni inaitwaje, kisha mwandike jina hilo.