Nimeuziwa stika ya dola 24 ya kubandika kwenye ubao wa KUKODI! Hawa wauza vifaa vya theluji wanatuona mazuzu?

Wakuu, habari za saa hizi.

Naandika kwa mkono wa kushoto peke yake, mkikuta herufi zimerukwa mnivumilie. Wa kulia umefungwa P.O.P toka Jumapili, nitaeleza. Mods, tafadhali msiuhamishie uzi huu jukwaa la michezo, hili ni suala la kupigwa mchana kweupe.

Niko Colorado mwaka wa tatu, kibarua changu ni kwenye ghala la mizigo nje kidogo ya Denver. Kwetu Marangu. Theluji nimeiona toka nanyonya, ila ile ya Kibo, ya kuangalia ukiwa na kikombe cha chai, sio ya kuingia nayo mwilini. Sasa wenzangu wa zamu wakanishawishi twende mlimani kujaribu sinoubodi, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji ukiwa umesimama kiubavu kwenye ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa. Nikasema potelea mbali, ngoja nionje.

Ijumaa nikapita dukani. Jina silitaji. Kijana mmoja wa pale, ndevu zimechongwa vizuri, mdomo wake unamshinda dalali wa Kariakoo, akaniuliza naenda kufanya nini. Nikamwambia kwa Kiingereza changu chote: ni mara yangu ya kwanza, na UBAO NITAKODI HUKO HUKO MLIMANI. Nimeweka herufi kubwa ili msije mkaniambia sikumweleza. Akatikisa kichwa, akachukua kikapu, akaanza kutembea, mimi nyuma yake kama mwali.

Risiti ninayo hapa. Stika ya mpira ya kukanyagia, 24. Kamba ya mguu, ya kufunga ubao usikutoroke, 18. Bisibisi ya kukunja, 30. Kufuli la waya, 28. Seti ya nta pamoja na pasi yake, 95. Miwani yenye kioo cha akiba, 190. Begi la kubebea ubao, 85. Jumla dola 470 kabla ya kodi. Mangi mzima, mtoto wa watu waliozaliwa dukani, nimetoa kadi huku natabasamu.

Rudieni hapo kwenye pasi. Kuna pasi maalumu ya kuyeyushia nta chini ya ubao ili uteleze vizuri, na mimi ninayo. Mashati yangu ya kazini sijawahi kuyapigia pasi toka nifike nchi hii, lakini ubao ambao sina una pasi yake. Nilipomuuliza akajibu, "Utanunua wako mwezi ujao, na hii ofa inaisha leo." Nikakubali! Ofa inaisha leo! Kauli ambayo mama yangu angekuwa anaisema yeye kwa mteja.

Jumapili tukatoka saa kumi alfajiri, maana barabara ya I-70 wikiendi ukichelewa unaishia kuhesabu taa za breki. Tumepita handaki la Eisenhower, liko kama mita 3,400 juu ya bahari, masikio yanaziba. Tumefika, nikaenda dirisha la kukodi na begi langu jipya begani. Nikapewa ubao, buti na helmeti. Nikatoa ile stika, nikawa nabandua karatasi ya nyuma. Yule dada wa dirishani akanyoosha mkono kama askari wa barabarani: hapana, huruhusiwi kubandika kitu kwenye ubao wetu.

Nikauliza, sasa mguu wangu wa nyuma nitaukanyagia wapi? Kwa wasiojua: unapopanda ile lifti ya viti unafungua mguu mmoja, na ukishuka juu unateleza mita kadhaa mguu huo ukiwa huru, umeuweka tu juu ya ubao. Stika inazuia buti lisiteleze. Yule dada akasema, "Usukumize buti lako mpaka liguse kifungio cha nyuma, basi." Bure. Na inafanya kazi, nimejaribu. Nilianguka mara mbili nikishuka, na zote mbili ni kwa sababu niliangalia miguu badala ya kuangalia mbele, wala buti halikuteleza.

Nta? Ubao wa kukodi unapakwa nta na wenye nao. Bisibisi? Pale karibu na lifti kuna meza ina bisibisi zimefungwa kwa mnyororo, unakaza vifungio vyako, unaondoka. Nakubali skrubu zinalegea, tena kwenye ubao wako mwenyewe bisibisi ni lazima, ila bisibisi nyota namba 3 ya duka la vifaa vya ujenzi inatosha. Sio hili lidubwana la dola 30 lenye kifungulia chupa. Begi sina hata la kusema: limekaa kwenye buti ya gari siku nzima, tupu.

Kwenye kundi letu yuko dada mmoja Mkongo wa Goma, tumwite Mama Neema, amekaa huku miaka tisa na anateleza toka mwaka wake wa pili. Hana kitu kinachong'aa. Koti limepauka, glovu zimeshonwa kwa uzi wa samaki. Akaniangalia navyojipanga, kamba inaning'inia, miwani kama ya mchomeleaji, akacheka mpaka akashika goti. Nami nikacheka kwa adabu.

Sasa tuje kwenye mkono.

Mteremko wa rangi ya kijani, wa wanaoanza, watoto wa miaka sita wananipita. Nateleza kwa kisigino, nikajiona nimeiva. Nikajaribu kugeuka kwenda upande wa vidole, ukingo wa nyuma ukanasa kwenye theluji, nikatupwa kinyumenyume. Hapo mwili haukuulizi, unatanguliza mkono. Nikasikia *ka*. Sauti ndogo, kama kuvunja biskuti mfukoni.

Walinzi wa mlima walikuja haraka, sina lawama nao hata kidogo. Kule chini kwenye zahanati daktari mama wa makamo akanishika vidole kimoja kimoja, akaniuliza swali moja tu: "Ulivaa vikinga vya vifundo?" Nikamuuliza vikinga gani. Akashusha pumzi. Akasema kwenye mchezo huu kifundo cha mkono ndicho kinachoongoza kuumia, hasa kwa wanaoanza. Wa ski, zile mbao mbili nyembamba, kila mguu na wake, wanaumia magoti, wa ubao wanaumia mikono, kwa sababu miguu yote imefungwa, huna mguu wa kutanguliza ukiyumba, unabaki na viganja. Vikinga ni kama glovu fupi yenye kipande cha plastiki ngumu chini na juu ya kifundo, ili mkono usipinde kwenda nyuma. Picha ya eksirei ikarudi: mfupa una ufa. Wiki sita.

Mama Neema alikuwa amesimama mlangoni. Akavua glovu yake moja, akanionyesha. Ndani yake alikuwa amevaa hivyo vikinga, vimechakaa, velkro imeota nywele. Na chini ya suruali alikuwa na kaptula yenye sponji ya kukinga kifandugu. Akaniambia, "Ndugu yangu, vitu yote hii ulibeba, na ya mukono haukubeba?"

Wakuu, nilitaka kulia.

Nimeangalia bei baadaye. Kuna vya dola 25. Vilikuwepo kwenye duka lile lile! Nimerudi nikavikuta, ukuta wa nyuma, chini kabisa, karibu na soksi. Yule kijana alinizungusha duka zima, akanielezea kamba, akanielezea pasi, hakutamka neno moja kuhusu mkono. Vitu alivyonijazia vyote ni vya kuonekana ukipiga picha. Vinavyoweza kukunusuru vinavaliwa ndani, havina nembo kubwa, faida yake ndogo, kwa hiyo viko chini karibu na soksi.

Mimi kazi yangu ni kubeba maboksi. Wiki sita bila mkono hesabuni wenyewe.

Nimepeleka vitu virudishwe. Wakasema vilivyofunguliwa havirudi, na visivyofunguliwa watanipa salio la kununulia hapo hapo dukani. Yaani nikanunue pasi nyingine?

Wajuzi mlioko Canada, Norway na huko Uswisi, semeni: hii mizigo mnaitumia kweli au na nyie mlipigwa mkanyamaza?

---

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu:

Aliyesema namlaumu muuzaji kwa ushamba wangu mwenyewe: sawa, ushamba wangu ndio uliotoa kadi, sikatai. Lakini ukienda duka la pikipiki ukamwambia muuzaji hujawahi kuendesha, akakuuzia mapambo ya usukani akakaa kimya kuhusu helmeti, huyo utamsifia?

Mkuu wa Calgary uliyetetea miwani, hapo naungana na wewe, na nilichanganya hasira. Miwani sio pambo. Huku juu miale ya jua inayounguza (UV) inaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, halafu theluji mpya inairudisha hadi asilimia 80, kwa hiyo unapigwa na jua kutoka juu na kutoka chini. Hata kile kioo cha akiba kina kazi. Asubuhi kulikuwa na jua, nikavaa cheusi. Saa saba mawingu yakashuka, mlima wote ukawa kama shuka jeupe, huoni tuta wala shimo, na cheupe cha kuvaa kwenye mawingu nilikiacha kwenye gari pamoja na lile begi. Pengine ningeuona ule mgongo wa theluji ulioninasa, sijui. Ila dola 190? Mama Neema ya kwake alinunua 45, vioo viwili vile vile.

Kuhusu kamba ya mguu, mmebishana kurasa mbili, ngoja niseme nilichokiona. Hoja ya kamba ni kwamba ski ina breki zake, ikikuchomoka mguuni inajizuia, ubao hauna. Sawa. Lakini buti za ubao hazichomoki zenyewe kwenye vifungio ukianguka, mpaka ufungue kwa mkono. Ubao hautakutoroka ukiwa umefungwa, utatoroka ukiwa umeuvua ukauweka vibaya, vifungio vikiangalia juu. Ukiuvua, ugeuze, vifungio viangalie chini kwenye theluji, hauondoki. Kuna milima bado inaidai kamba kwenye sheria zake, huko nunua ya bei chee au funga ya kiatu. Na aliyesema kamba ni "asili ya mchezo", ndugu, ile ya zamani ilikuwa ya kushika mkononi! Sherman Poppen wa Muskegon, Michigan alipounganisha ski mbili mwaka 1965 watoto wake wachezee, kile kifaa kilichokuja kuitwa Snurfer kilikuwa na kamba kwenye ncha ya mbele kwa sababu hakikuwa na vifungio vya miguu kabisa. Ilikuwa hatamu. Hii yangu ya dola 18 inaning'inia tu kama mkia wa ndama.

Kufuli sina ugomvi nalo sana. Mbao zinaibwa milimani, ni kweli, hasa watu wakiingia kula. Ila waya wenyewe mwembamba kama wa breki ya baiskeli.

Aliyeuliza vile vipakiti vya joto: vya mikononi vizuri, weka ndani ya glovu. Usiweke ndani ya buti lililobana. Mle ndani ni unga wa chuma unaopata kutu haraka, na kutu inataka hewa, sasa kwenye buti hewa itoke wapi? Mwenzetu mmoja aliweka, akatoka na vidole vya baridi na vijiwe viwili soli ya ndani. Soksi pia jozi moja, ya sufu, sio mbili za pamba kama nilivyofanya mimi. Pamba ikilowa hata shetani hawezi kuivaa.

Na wewe uliyeniambia ninunue mkoba wenye puto la kukuokoa theluji ikiporomoka, redio ya kutafutiana na koleo: hivyo ni vitu vya maana sana kwa wanaotoka nje ya mipaka ya mlima uliolindwa. Huko mtu akifukiwa, baada ya dakika 10 hadi 15 hivi matumaini yanashuka vibaya, na wa kumfukua ni wenzake alionao pale pale. Mimi nilikuwa nyuma ya watoto wa chekechea, mkuu.

Mliouliza kama nitarudi: nitarudi, mwezi wa tatu, mfupa ukiunga. Mama Neema amesema nikunje ngumi na nidondokee mikono yote hadi kiwiko, sio viganja, na ameniahidi kaptula ya zamani ya mumewe.

Wakati huo huo, walioko Denver na Aurora: nauza pasi ya nta, haijawahi kuchomekwa kwenye umeme. Begi limetumika siku moja, tupu. Stika nayo ipo, imebanduka kona moja tu. Njooni PM, bei tunaongea.