Rababendi zinapasuka na kunata dukani: zihifadhiwe vipi kwa joto hili la Tanga?

DaftariNgamiani: Habari za jioni wakuu. Nina duka la madaftari na fotokopi hapa Ngamiani. Rababendi nanunua pakiti ya nusu kilo na kuimwaga kwenye bakuli la wazi karibu na dirisha. Za bakulini zinanata, na zilizofunga mabunda ya risiti zinapasuka. Nimeshauriwa nizipake mafuta ya nazi au niziweke kwenye friji. Lipi sahihi?

Mkwakwani: Mafuta usithubutu, ndugu yangu. Raba ya asili huyanyonya, inavimba, inalegea, kisha inakatika ukiivuta kidogo tu. Hata mkono uliotoka kushika vitumbua uoshwe kwanza.

UtomvuMuheza: Hapo una magonjwa mawili, mkuu.

Tazama zile za risiti: nyufa zinakatiza mkanda kwa upana. Hiyo ni kazi ya ozoni, gesi inayoshambulia raba. Hewa ya kawaida inayo kidogo, lakini mashine za fotokopi, hasa za zamani, huiongeza. Ndiyo ile harufu kali unayoisikia zikifanya kazi. Nyufa hufunguka pale raba ilipovutwa, kwa hiyo rababendi iliyobana bunda huharibika mapema kuliko iliyolala imelegea.

Kunata kunaletwa na joto, mwanga wa jua na oksijeni. Minyororo ya molekuli za raba inakatika vipandevipande, inakuwa laini kama gundi. Ikifika hapo haitengenezeki. Zitoe zote, zisishikamane na nzima.

Gawa nusu kilo kwenye mifuko mitano ya zipu, gramu 100 kila mmoja. Ziwe kavu kabisa. Tia nusu kijiko cha chai cha poda ya talki, tikisa, kamua hewa, funga. Mifuko yote iingie kwenye kopo la bati lenye mfuniko wa kubana, likae kabati la chini, mbali na dirisha na mashine. Fungua mfuko mmoja kwa wakati, andika tarehe, cha zamani kitoke kwanza. Usichanganye na vipande vya waya wa shaba, maana shaba huharakisha kuoza kwa raba.

DaftariNgamiani: Asante sana. Na friji?

Mkwakwani: Inasaidia kweli. Kwa makadirio, kila joto likishuka nyuzi 10 za Selsiasi, uharibifu hupungua karibu nusu. Ila weka akiba ya muda mrefu tu, si ya kutumia kila siku, tena sehemu ya chini, siyo kwenye friza. Ukitoa, acha mfuko umefungwa kama saa nzima. Ukiufungua ungali baridi, unyevu wa hewa yetu ya pwani utatua juu ya raba papo hapo. Na raba ya baridi ni ngumu, usiivute kabla haijarudi joto la chumba.

UtomvuMuheza: Risiti za kukaa miaka usizifunge kwa raba kabisa. Ikizeeka inagandia karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Tumia utepe wa pamba au uzi wa katani. Tanga hii katani haijatupungukia.

Pakiti kuukuu ipime hivi: chukua rababendi kutoka juu, katikati na chini. Vuta kila moja hadi mara mbili ya urefu wake, uikague kwenye mwanga. Ukiona vinyufa, au isiporudi kama ilivyokuwa, usiiuze pakiti hiyo.