Naomba ushauri: kupiga picha za gari jeusi ninalotaka kuliuza

Ndugu zangu, naombeni ushauri wenu. Ninakusudia kuuza gari langu, Toyota IST la rangi nyeusi, na ningependa picha zake zimwonyeshe mnunuzi hali halisi kabla hajafunga safari ya kuja Mbagala kuliona. Kinachonisumbua zaidi ni rangi yenyewe: bodi inaakisi kila kilicho mbele yake, kiasi kwamba mlangoni ninaonekana mimi na simu yangu, ukuta wa jirani, hata nguo zilizoanikwa, ilhali mkwaruzo ulio juu ya tairi la nyuma, ambao sina nia ya kuuficha, hauonekani kabisa.

Ninafahamu kwamba jua la saa sita mchana halifai na kwamba mwanga wa alfajiri au wa magharibi ni laini zaidi, ila huku kwetu karibu na ikweta jua huzama upesi mno. Je, ni afadhali nisubiri siku ya mawingu? Nikisimama karibu, pua ya gari huvimba kupita kiasi. Nikirudi nyuma na kuvuta picha kwa zoom ya mara mbili (2x), umbo hukaa sawa, kwa hiyo hilo limekwisha.

Kwa wenye uzoefu: kichujio cha kupunguza mng'ao kinachobanwa kwenye kamera ya simu kinasaidia kweli kwa gari jeusi, au ni kupoteza fedha tu? Na dashibodi mnaipigaje ili kilomita zisomeke bila madirisha kuwa meupe kabisa?