Naomba ushauri: aloi ya joto kali, hesabu za kompyuta niziamini kiasi gani?

Wakuu, habari zenu. Natafuta aloi, yaani mchanganyiko wa metali, itakayohimili joto kuliko zile za nikeli, maana nikeli yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi 1455 za Selsiasi. Nimechanganya niobi, molibdeni, tantali na tangsteni, kila moja robo, nikapiga hesabu za kwantamu, yaani za nishati ya atomi na elektroni zake, kwa kompyuta. Majibu yanasema mchanganyiko ni imara. Shida ni kwamba hesabu hizo ni za joto la sifuri kamili, yaani baridi ya mwisho kabisa, na mimi nataka nyuzi 1300! Je, inatosha kujumlisha mchango wa entropia (kipimo cha mvurugiko wa atomi) baadaye, au nikokotoe pia mitetemo ya atomi? Kompyuta tayari inakesha siku tatu kwa sampuli moja ya atomi 128. Halafu oksaidi ya molibdeni (molibdeni iliyoungana na oksijeni ya hewa) hugeuka mvuke kwenye joto hilo, jambo ambalo hesabu zangu hazilioni kabisa. Aliyewahi kupambana na hili anielekeze pa kuanzia.