Mota za mashine ya kuchonga zinaunguruma tu hazizunguki, ninunue mota kubwa za NEMA 34?

Fundi wa Uyole:
Wakuu habari za majukumu, poleni na baridi mlioko huku kwetu Mbeya. Naombeni ushauri wa haraka maana usingizi sipati. Nimeunda kamashine kadogo ka kuchonga mbao, meza sentimita 60 kwa 40, kanaendeshwa na bodi ndogo ya Arduino Uno yenye programu ya GRBL, kazi ni maua ya milango na vibao vya majina, baadaye nijaribu na alumini. Ikienda taratibu inachonga safi kabisa ila nikiongeza spidi mota inaunguruma tu haizunguki, na ua linatoka limehama upande. Naona mota ni ndogo, hazina nguvu. Je NEMA 34 itatosha au kuna kubwa zaidi? Kejeli hapana.

Kinanda Kibovu:
Ngoja waje wataalamu.

Mzee wa Isanga:
Mwanangu, mimi milango ya mninga nimechonga kwa patasi na nyundo ya mti, watoto wamesoma, nyumba imesimama. Nyie vijana mnataka mashine ichonge nyie mmelala. Haya, umeme ukikatika katikati ya ua unamwambia nini mteja?

Nusu Volti:
Mkuu, mota ulizonazo ni zipi, draiva ya kuzilisha umeme ni ipi, pawa saplai volti ngapi, na meza inasukumwa na mkanda au skruu?

Fundi wa Uyole:
NEMA 23 za ampea 2.8, draiva TB6600. Umeme upo wa kutosha, hilo sio tatizo. Mimi nauliza NEMA 34 tu.

Dada Ubao:
Kamwene. Mie niko Mafinga na kwa uzoefu wangu kabla hujalaumu mota angalia mbao, umekausha? Maana paini ya huku Sao Hill ukiichonga mbichi leo kesho imejikunja, mdogo wangu alipeleka mzigo Dodoma mvua ikamkuta njiani mbao zote zikapinda mteja akakataa kupokea na nauli ya lori akalipa yeye, tangu hapo hatutoi mbao bandani haijakauka hata mtu alie.

Nusu Volti:
Dada, ua limehama, mbao haijapinda. Fundi, "umeme wa kutosha" sio jibu. Volti ngapi? Skruu gani?

Fundi wa Uyole:
Ni saplai ya kompyuta, volti 12, lakini imeandikwa wati 500 kwahiyo nguvu ipo. Skruu ni yale machuma ya nyuzi M10 ya hadweya. Najua mtasema ya gololi, ya gololi bei yake mnaijua? Na hii inafanya kazi vizuri tu.

Nusu Volti:
Sasa ndo umeuliza swali. M10 ya kawaida inasogeza meza milimita 1.5 kwa mzunguko mmoja. Ukitaka iende milimita 1500 kwa dakika mota lazima izunguke mara 1000 kwa dakika, na hizi stepa, mota za kuzunguka hatua kwa hatua, zina hatua 200 kwa mzunguko, yani hatua zaidi ya 3,000 kila sekunde. Koili haijai umeme papo hapo, volti 12 zinaisukuma polepole mno, kabla ampea 2.8 hazijafika hatua inayofuata ishaingia. Ndo maana taratibu ina nguvu, ukikimbiza inakufa. Wati 500 hazina msaada hapo, kinachosukuma ni volti. TB6600 inabeba mpaka 42, tafuta saplai ya 36, na usiogope kuunguza mota, draiva inabana ampea yenyewe pale ulipoweka kwa zile swichi ndogo.
NEMA 34 haina maana ya nguvu, hiyo namba ni upana wa uso, milimita 86 badala ya 57. Nyingi zinataka ampea 5 au 6 na draiva yako mwisho 4. Kwa volti 12 itaunguruma kwa sauti nene zaidi, basi. Mikrostepu umeweka ngapi, yani kila hatua umeikata vipande vingapi?

Fundi wa Uyole:
16, ili iwe laini.

Nusu Volti:
Basi hapo unahitaji palsi, moja kwa kila kipande, zaidi ya 53,000 kwa sekunde na GRBL kwenye Uno inaishia kama 30,000. Hata ungefunga mota ya treni. Weka 8.

Fundi wa Uyole:
Nimekusoma mkuu, ndaga. Ila NEMA 34 tatu nishazilipia nusu, mzigo uko Tunduma, muuzaji kasema zinasukuma chochote. Pesa ni ya kikoba cha wife na milango ya kanisa nishapokea advansi. Siwezi kurudi nyuma.

Kinanda Kibovu:
Hii chai, tena ya tangawizi. Mwezi uliopita huyu huyu alileta uzi wa parachichi Rungwe anatafuta mnunuzi. Leo fundi wa mitambo, mara kikoba, mara kanisa. Picha iko wapi?

Fundi wa Uyole:
Parachichi ni za shemeji, nilimwandikia tu. Mtu akiwa na shamba haruhusiwi kushika bisibisi?

Dada Ubao:
Mie namwamini. Mtu wa chai angesema mashine imemaliza tatizo. Ila wife anajua?

Mzee wa Isanga:
Hajui huyo.

Nusu Volti:
Chai au sio chai, hesabu ni ile ile. Kwa milango ya kanisa, leo usinunue kitu. Weka mikrostepu 8, halafu kwenye mipangilio ya GRBL rekebisha $100 na $101 (palsi kwa milimita) ziwe 1066.667, shusha $110 na $111 (spidi ya juu) hadi 400, punguza na $120 na $121 (kasi ya kuongeza spidi) ili isiondoke kwa kushtuka. Utachonga polepole ila ua halitahama. Na usichomoe waya wa mota draiva ikiwa imewaka, utaiua.

Fundi wa Uyole:
Sawa, 400 nitajaribu usiku huu, umeme ukiwepo. Za Tunduma nitafunga moja kwenye Z, ile ya kupanda na kushuka, yale mengine tutaona.

Nusu Volti:
Draiva haitoshi nimekwambia!

Kinanda Kibovu:
Zile mbili nyingine unauza bei gani?